Mkufu Uliovuliwa: Kuzisoma Picha Rasmi za Marais wa Ufaransa

Hakuna sheria nchini Ufaransa inayomlazimisha meya kutundika picha ya rais ofisini mwake. Ni desturi tu, lakini imeshika kuliko sheria nyingi. Tangu enzi za Adolphe Thiers, aliyeshika urais mwaka 1871, kila rais mpya hupigwa picha moja, ikachapishwa na kusambazwa kwenye ofisi za mameya zipatazo 35,000: Paris, vijiji vya milimani, hata Mamoudzou kule Mayotte, kisiwa kilichobaki chini ya Ufaransa wakati Komoro ilipojitenga mwaka 1975. Rais akiondoka, picha yake inashushwa na nyingine inapanda. Sanamu ya Marianne, mwanamke anayewakilisha Jamhuri, iliyo kando yake haina muhula.

Anayeona picha ya Rais ukutani kila siku, dukani Dodoma au kwenye ofisi ya serikali Mombasa, anaujua utanzu huu bila kufundishwa. Fani yake inabana na ina masharti kama ushairi wa arudhi: mtu mmoja, picha moja, bila maelezo, na lazima isomeke kwa mbali na mwananchi aliyekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Mpiga picha amebakiwa na mambo manne ya kuchezea: mavazi, mahali, macho na mikono. Nikiyafuata hayo manne kutoka picha hadi picha, naona jambo ambalo vitabu vya siasa hulipita haraka. Kadiri urais wa Ufaransa ulivyoongezewa nguvu, ndivyo picha yake ilivyovuliwa mapambo.

Jamhuri ya Tatu, iliyodumu kuanzia 1870 hadi 1940, ilikuwa na marais 14, na kwa vitendo walikuwa wanyonge. Patrice de MacMahon alilivunja bunge mwaka 1877, upande wake ukashindwa uchaguzi, naye akajiuzulu Januari 1879. Mrithi wake, Jules Grévy, aliahidi kutoshindana na matakwa ya bunge, na katika jamhuri hiyo hakuna rais mwingine aliyethubutu kulivunja. Sasa tazama picha za watu hao waliofungwa mikono. Koti jeusi la dhifa, ukanda mwekundu wa nishani ya Légion d'honneur umekatiza kifuani, mkono umetua juu ya meza kwa utulivu wa mwenye mali. Vazi limepewa kazi ambayo Katiba iliinyima ofisi.

Kwamba vazi ndilo lililombeba rais, kisa cha Rais Paul Deschanel kinatosha kuthibitisha. Usiku mmoja wa Mei 1920 alidondoka kutoka kwenye treni karibu na Montargis akiwa na nguo za kulalia, akatembea kando ya reli mpaka akakutana na mfanyakazi wa reli. Akamwambia kuwa yeye ndiye Rais wa Jamhuri. Yule bwana hakusadiki. Kichekesho, ndiyo, ingawa Deschanel alikuwa mgonjwa kweli na alijiuzulu Septemba mwaka huohuo. Bila koti na ukanda, sura peke yake haikutosha.

Charles de Gaulle aliikamilisha fani hiyo ya kale. Picha iliyopigwa na Jean-Marie Marcel baada ya jenerali kuingia ikulu ya Élysée Januari 1959 ni ya rangi, lakini mtunzi wa karne ya 19 angeitambua mara moja. Mtu wa karibu mita mbili amesimama maktabani kwa koti la dhifa na ukanda mwekundu, na juu ya ukanda huo umelala mkufu mkuu wa Légion d'honneur, ule ambao pingili zake huchongwa majina ya marais. Mkono uko juu ya vitabu vilivyofungwa. Macho hayamtazami mwananchi. Yanatazama mbali, nje ya fremu. Umbali huo una mantiki yake. De Gaulle huyu alikuwa amechaguliwa Desemba 1958 na jopo la wajumbe wapatao 80,000, wengi wao mameya na madiwani. Kura ya maoni iliyotoa uchaguzi wa rais kwa wananchi wote ilikuja baadaye, Oktoba 1962.

Georges Pompidou ndiye anayeisumbua hoja yangu, na sitamkwepa. Alichaguliwa na wananchi wenyewe mwaka 1969, lakini François Pagès akampiga picha katika maktaba ileile, na mkufu uleule shingoni. Huyu alikuwa mwalimu wa fasihi kabla ya kuingia benki na siasa. Mwaka 1961 alichapisha mkusanyo wake wa mashairi ya Kifaransa. Mtu aliyeyaishi mashairi kiasi hicho anasimama mbele ya vitabu kama mpangaji aliyekuta fanicha za mwenye nyumba. Naisoma kama picha ya uhalali wa kurithi: baada ya de Gaulle, ilibidi kwanza mwananchi ahakikishiwe kwamba nyumba bado ni ileile.

Mkufu ulivuliwa mwaka 1974. Valéry Giscard d'Estaing aliupokea siku ya kuapishwa lakini hakuuvaa, na tangu hapo huonyeshwa kwa rais mpya bila kugusa shingo yake. Kwa picha alimwita Jacques Henri Lartigue, mzee wa miaka 80 aliyepata sifa kwa picha alizopiga tangu utotoni za magari ya mashindano na watu wakiruka hewani, yaani bingwa wa vitu visivyotulia. Maktaba imetoweka. Nyuma ni bendera tu, imejaa fremu nzima. Mbele ni kichwa na mabega ya mwanamume mwenye suti ya kawaida, anatutazama usoni. Mikono haionekani kabisa. Ni picha nyepesi, na kwa maoni yangu inazeeka vibaya, kwa sababu bendera inafanya kazi yote. Lakini iliweka kanuni mpya: rais mwenye silaha za nyuklia na haki ya kulivunja bunge atavaa kama meneja wa tawi la benki.

François Mitterrand alipoingia mwaka 1981 alimchagua Gisèle Freund, na hapa inafaa kukaa kidogo. Freund alizaliwa Berlin mwaka 1908 katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Paris mwaka 1933 Hitler aliposhika hatamu. Aliandika tasnifu ya udaktari Sorbonne kuhusu historia ya upigaji picha katika Ufaransa ya karne ya 19, kisha akajipatia jina kwa kuwapiga picha waandishi: James Joyce, Virginia Woolf, Walter Benjamin. Akamtendea rais kama alivyowatendea hao. Mitterrand amerudishwa maktabani, lakini ameketi. Kitabu kimefunguliwa. Mkono, ambao katika picha za watangulizi wake ulitua tu juu ya vitabu, sasa una shughuli. Macho yameinuka kutoka kwenye ukurasa, nasi watazamaji tumekuwa wageni tuliomkatiza kusoma.

Kitabu hicho ni *Essais* cha Montaigne. Wengi wameona ndani yake hekima na shaka ya kistaarabu, na ni sawa. Mimi naona pia kwamba Montaigne alikuwa meya wa Bordeaux, kuanzia 1581 hadi 1585. Picha inayokwenda kutundikwa kwa mameya inabeba kitabu cha meya. Kama ilikusudiwa, ni ustadi mkubwa. Kama haikukusudiwa, fani imejipatia maana yenyewe.

Ila upole huo una upande wa pili. Mwaka 1964 Mitterrand aliandika kitabu kizima, *Le Coup d'État permanent*, kulaani urais aliouunda de Gaulle. Alipoukalia mwenyewe, alikaa miaka 14, muda mrefu kuliko rais yeyote wa Jamhuri ya Tano, ile iliyoanza na de Gaulle, na hakuupunguzia urais huo nguvu kwa kiasi cha maana. Msomaji mtulivu wa ukutani alikuwa na madaraka ambayo wale wanyonge wenye ukanda mwekundu hawakuyaota. Picha haisemi uongo. Inachagua tu saa ya siku ambayo rais hatawali.

Jacques Chirac, mwaka 1995, alitoka nje. Bettina Rheims, mpiga picha aliyejulikana kwa picha za wanawake watupu, alimsimamisha bustanini, mikono nyuma ya mgongo, jengo la Élysée likififia nyuma yake. Ni pozi la mwenye shamba anayekagua mazao, na linamfaa mtu aliyekuwa meya wa Paris kwa miaka 18. Nicolas Sarkozy akarudi maktabani mwaka 2007 na Philippe Warrin, akiongeza bendera ya Umoja wa Ulaya kando ya ile ya rangi tatu. Zaidi ya bendera hiyo sioni la kusoma.

Picha ya François Hollande ya mwaka 2012 ilichekwa sana, na nadhani ilionewa. Mpiga picha wake, Raymond Depardon, mtoto wa wakulima, aliwahi kutengeneza filamu kuhusu kampeni ya Giscard ya 1974. Giscard aliizuia isionyeshwe hadi 2002. Kwa hiyo Depardon alijua vizuri jinsi marais wanavyoiogopa kamera. Alimpiga Hollande bustanini kwa fremu ya mraba, mikono imening'inia tu, haina meza, haina kitabu, haijafichwa. Watu waliona uzembe. Mimi naona mpiga picha aliyeipeleka kanuni ya 1974 hadi mwisho wake: ukiondoa kila pambo, kinachobaki ni mwanamume asiyejua afanye nini na mikono yake.

Emmanuel Macron akajibu kwa kujaza. Katika picha ya Soazig de La Moissonnière ya mwaka 2017 yuko ofisini, ameegemea meza, viganja vimeushika ukingo wake kwa nguvu. Bendera mbili, dirisha wazi, saa, simu mbili, jogoo wa kidau cha wino anayeakisiwa kwenye kioo cha simu, vitabu vya Stendhal na Gide, na kumbukumbu za vita za de Gaulle zikiwa zimefunguliwa. Video fupi iliyotolewa siku moja na picha hiyo ilimwonyesha rais mwenyewe akivipanga vitu hivyo. Hapo ndipo picha inapoporomoka kama kazi ya sanaa. Mtazamaji hana la kugundua, kwa sababu kila kifaa kimeshapewa tafsiri yake. Kitabu cha Mitterrand kinasomwa. Cha Macron kimewekwa wazi ili kionekane.

Mwaka 2019 wanaharakati wa tabianchi waliingia ofisi za mameya na kuzichukua picha za Macron. Mahakama ya Lyon iliwaachia wawili wao Septemba, na Januari 2020 mahakama ya rufaa ikawatia hatiani. Majaji walibishana kuhusu wizi na uhuru wa maoni. Mimi nabaki na hukumu ya mhakiki: kati ya picha nane za Jamhuri ya Tano, tatu zimepigwa na wanawake katika nchi ambayo haijawahi kuwa na rais mwanamke, na mojawapo ya hizo tatu, ya Gisèle Freund, ndiyo pekee inayostahili kubaki ukutani baada ya mwenyewe kuondoka.