Mzimu Katika Riwaya: Nani Anafagia?

Nianze kwa kukiri. Mimi nimeishia kidato cha nne, siyo mhakiki wa chuo kikuu. Ila nina mswada wa riwaya chini ya kitanda hapa Makambako, na sura yake ya tano imenifanya nigombane kidogo na kitabu ninachokipenda kuliko vyote.

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Humo ndimo tulimokutana na Bwana Msa na kiko chake. Mzimu unaogopwa, maiti inakutwa pale, watu wananong'ona. Bwana Msa hashtuki. Anauliza, anapima, na mwisho tunajua kwamba aliyeua ni binadamu. Kwa kweli ile ni kazi safi, na mtu akisema upelelezi katika Kiswahili ulisimama kwa miguu ya Bwana Msa, mimi sibishi.

Lakini ukifunga kitabu unamkumbuka mpelelezi na muuaji. Mzimu wenyewe unabaki kivuli cha kututisha, kisha unaumbuliwa. Kwa hadithi ya upelelezi hilo linafaa. Kosa ni letu sisi chipukizi tuliokuja nyuma. Tumechukua kile kivuli bila ile akili ya Bwana Msa. Tukiandika mzimu ni bundi, ukungu, ngoma za usiku, mzee mwenye macho mekundu. Basi, imetosha.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Sura yangu ya tano niliiweka Nyumbanitu, msitu wa matambiko ya Wabena katika mkoa wetu wa Njombe. Jina maana yake ni nyumba nyeusi. Wengi wanausikia kwa habari ya pango lake na wale kuku weusi ambao inasemekana hawashikiki. Nikaona, aa, hapa hapa! Nikamwingiza kijana usiku, kuku wakalia, kijana akazimia. Nikajisifu.

Nikaenda Njombe kumsomea bibi yangu mzaa mama. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anapembua maharage. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hapa umeandika woga wako. Sasa pale anafagia nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi hakusema kwa utani. Nyuma ya shamba la ukoo wetu kuna kichaka kidogo cha matambiko, na tangu nikiwa mdogo nimemwona akienda kufyeka njia, kuokota matawi, kuandaa unga wa ulezi na pombe wazee wakija. Yote hayo niliyaona, na hakuna hata moja lililoingia kwenye mswada wangu. Niliona hayafai kuwa hadithi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mahali patakatifu nikitafuta ufagio tu. Kule Japani kuna hekalu la dini ya Shinto liitwalo Ise. Desturi yake ilianza mwaka 690: kila miaka 20 majengo yake makuu hujengwa upya kwenye kiwanja cha pembeni, nguzo za mbao na paa la nyasi, halafu ya zamani hubomolewa. Vita viliwahi kuikatisha kwa zaidi ya miaka 100, wakairudia. Mwaka 2013 ilikuwa mara ya 62. Kwa hiyo jengo ni jipya na hekalu ni la kale, kwa sababu fundi mzee anapata nafasi ya kumfundisha kijana kabla hajafa.

Usiseme hayo ni ya Wajapani. Hapo Kampala kuna makaburi ya Kasubi, walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Nyumba kuu ya nyasi iliungua tarehe 16 Machi 2010. Watu walilia, kisha kazi ikaanza, na kuezeka ni haki ya ukoo maalumu, wale wa Ngeye. Mwaka 2023 UNESCO ikayatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hivi hiyo siyo riwaya? Ukoo mmoja, paa moja, vijana wanaojifunza kufunga nyasi huku nchi nzima inawatazama!

Hoja yangu ni hiyo. Mzimu siyo woga tu, ni zamu ya kazi. Mwandishi akiondoa kazi, anabaki na giza, na giza la Njombe halina tofauti na giza la mahali pengine popote.

Nimeichana sura ya tano. Sasa inaanza asubuhi, mwanamke mzee anafagia, mipaini ya mjomba imefika mpaka ukingoni mwa kichaka. Sijui itaishaje, maana bibi ameniuliza swali lingine: mgongo ukimkatalia kabisa, nani atashika ufagio? Mimi niko Makambako, nauza vocha na kuandika usiku. Nilimjibu, "Tutaona, bibi." Akacheka, akaendelea na maharage yake.

Asiyekubaliana nami, kalamu anayo. Aandike.