Zamu ya tatu: kumfuatilia mwenyeji wa kesho Yangambi

Mwaka 1951 Earl Tupper aliviondoa vyombo vyake vya plastiki katika maduka ya Marekani, akaamua viuzwe majumbani tu. Kazi hiyo alimkabidhi Brownie Wise. Dukani vilikuwa vimelala rafuni kwa kuwa mnunuzi hakujua namna ya kubana kifuniko. Sebuleni, katikati ya majirani, alionyeshwa akaelewa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu huisimulia. Mimi huvutiwa zaidi na zawadi ya mwenye nyumba. Ilitegemea mauzo ya siku ile, na pia wageni waliokubali kuandaa mkutano kwao. Kwa hiyo muuzaji akishaondoka, kuna mtu mtaani aliyebaki na sababu ya kumuuliza jirani, "Ile tarehe yako vipi?" Ufuatiliaji ulitoka kwa mgeni mwenye begi, ukahamia kwa mtu wa kuombana chumvi.

Sasa tushuke mto. Yangambi iko ukingo wa kulia wa mto Kongo, kilomita 100 hivi kutoka Kisangani, na inajulikana kwa utafiti wa kilimo tangu miaka ya 1930. Mama anayetoka Kisangani kupeleka huko liputa, yaani vitambaa vya wax, hahitaji kubuni karamu. Kongo ina likelemba. Tuchukue kundi la mfano: wanawake 12, kila Jumapili kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anabeba chote. Watu wanakusanyika bila kualikwa na muuzaji yeyote.

Kosa la wengi ni kumkimbilia anayebeba leo. Fedha yake ilikwisha kugawanywa kabla hajaishika: karo, mabati, deni la dawa. Ukimwomba nyumba siku hiyo anasikia unaomba fedha. Mwenye zamu ya tatu kutoka leo ndiye wa kuzungumza naye. Bado anapanga, na wiki tatu zinatosha mzigo kufika kwa mashua ya injini. Tarehe isiyolingana na safari za mto ni maneno matupu, hata ikiandikwa kwa wino mwekundu.

Unamwambiaje? Si kwa kumsifia nyumba. Mpe kazi ndogo: achague rangi mbili ambazo wenzake wangependa. Kitambaa cha wax kimechapwa pande zote mbili, basi mgeuzie upindo aone mwenyewe, kisha mwachie kipande cha sampuli chenye upana wa kiganja. Kipande hicho kitaonyeshwa kwa shemeji na kwa fundi cherehani, na maswali yataanza kabla hujarudi.

Baada ya siku chache, pita. Sikiliza jibu. "Tutaona, mama" ni hapana iliyovikwa heshima. Mshukuru, uende kwa mwenye zamu inayofuata. Akiuliza "Utakuja na yadi sita ngapi?" au "Watakaa wapi wote?", amekwisha kukubali: yadi sita ni vazi zima, blauzi na vitambaa viwili vya kujifunga, na mtu asiyetaka wageni hahesabu viti. Simu iliyozimika si jibu lolote. Huenda ni chaji tu, kwa hiyo tuma salamu kwa mtu anayekwenda upande ule.

Zawadi nayo ina wakati wake. Ukimpa mwenyeji kitambaa cha kichwa jioni ileile, umemaliza naye. Mwahidi mbele ya wenzake kwamba atakipokea siku ile mgeni aliyetoa tarehe nyumbani kwake atakapofungua mlango wake mwenyewe. Hapo Wise alikuwa sahihi, ingawa mwaka 1958 kampuni ya Tupper ilimfukuza. Mama wa liputa hana wa kumfukuza: daftari angalau ni lake mwenyewe.

Sebule za Marekani hazimfundishi jambo gumu kuliko yote: liputa huuzwa kwa mkopo. Wiki ya pili, mwanamke unayemtaka awe mwenyeji ndiye huyohuyo ambaye bado hajamaliza kulipia yadi zake. Akikuona kwenye kona anaingia ndani, mtoto anatoka kusema mama hayupo. Umekwenda kuulizia tarehe, yeye ameona mdai. Ningetenganisha siku. Deni lidaiwe palepale likelemba inapokaa, saa ya kuhesabu fedha, ambapo kila mtu anatoa na hakuna anayeaibika peke yake. Siku ya kuulizia tarehe, nenda na sampuli mkononi, na daftari la madeni lifungie sandukuni Kisangani.