Gari Libaki Bagira

Mji wa Bukavu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, umekaa juu ya rasi tano zilizochomoza ndani ya Ziwa Kivu. Na kwa sababu hiyo kila ajaye kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu, au kutoka Uvira, au kutoka Rwanda kwa daraja la Ruzizi, hana budi hatimaye kumiminika katika njia zile zile za wilaya ya Ibanda, zilizobanwa baina ya maji na mlima. Hapo teksi, pikipiki, malori na gari la mgeni hugombea nafasi moja, nasi aghalabu huwalaumu madereva, ilhali taksiri ni ya umbo la nchi.

Je, mgeni atashawishiwaje aliache gari lake nje ya msongamano, akamalizie safari katika chombo cha abiria? Huko Lamu jambo hili ni la kawaida: ajaye kwa gari huliacha Mokowe, upande wa bara, akapanda mashua, kwani vichochoro vya mji mkongwe, ulioandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, vilikadiriwa kwa mtu na punda. Lakini huko bahari ndiyo iliyoamuru, na amri si ushawishi.

Mfano wenye faida zaidi kwetu ni St Ives, mji wa wavuvi na watalii katika pwani ya Cornwall, Uingereza, ambako mwaka wa 1978 kilifunguliwa kituo kidogo cha reli mahali paitwapo Lelant Saltings, chenye uwanja wa kuegesha magari, ili wageni wafike ufukweni kwa garimoshi badala ya kusukumana katika vijia vya mji. Hikima ilikuwa njema, na kwa miaka 41 ilifanya kazi. Walakini mnamo Juni 2019 shughuli hiyo ilihamishiwa St Erth, kituo kilicho jirani na barabara kuu, panapokutana reli ya tawi na reli kubwa. Umbali kati ya vituo hivyo viwili ni mdogo, lakini tofauti yake ndiyo kiini cha fani hii ya kumshawishi mgeni: mgeni anayetakiwa aache gari baada ya kuwa amekwisha kuonja msongamano huona heri avumilie kidogo afike, ambapo yule anayepokewa kabla ya kuuonja hana alilopoteza. Kibao cha kumsihi hakitendi kitu.

Pana pia suala la bei, ambalo mipango mingi hulipuuza. Familia ya watu watano ikilipishwa nauli kwa kichwa, gari lao huwa rahisi kuliko basi. Kwa hiyo yafaa malipo yawe kwa gari, na wote waliomo wasafiri kwa tiketi hiyo hiyo moja.

Turudi kwetu. Ardhi tambarare ni adimu Bukavu, na miteremko yetu hukatwa na makorongo kila masika, basi uwanja mpana wa kuegesha magari katikati ya mji ni ndoto. Kwa wale wa njia ya Kavumu, naona mahali pa kuufikiria uwanja huo ni Bagira, kwani wilaya hiyo inagusa ziwa, na boti ikikata ghuba kuelekea Ibanda haikutani na teksi hata moja. Wasafiri wa baina ya Bukavu na Goma wamezoea maji tangu zamani; kilichobaki ni kuyafanya njia ya mji wenyewe.

Sharti langu ni moja, nalo ni zito: usalama. Chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaa kupita kiasi kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, watu wengi wakaangamia wakiwa karibu kushuka. Maadamu hesabu ya abiria haifanywi gatini kabla ya kamba kufunguliwa, na kila mmoja hajavaa jaketi la kuokolea, mgeni mwenye akili atabaki ndani ya gari lake, wala sitamlaumu.