Kicheko Kilichongojewa

Tarehe 15 Februari 1967 watazamaji wa televisheni katika Uingereza walionyeshwa mchezo mpya wa kuchekesha wenye jina la ajabu: At Last the 1948 Show, maana yake, Hatimaye, Mchezo wa Mwaka 1948. Jina hilo lilikuwa dhihaka. Waliolitunga waliwacheka wakubwa wa televisheni, ambao hukawia mno kukata shauri, hata mtu angeweza kudhani kuwa mchezo waliopelekewa mwaka 1948 ndio kwanza umekubaliwa baada ya miaka kumi na tisa. Lakini mzaha una njia zake za kumrudia mwenyewe. Mchezo huo ulipotea, na wapenzi wake wakangoja hadi mwaka 2019, yaani miaka 52, ndipo ulipotolewa katika sahani za DVD, ukiwa umekusanywa kadiri ilivyowezekana, mtu akautazame nyumbani kwake apendapo.

Kungoja huko kunatuletea swali ambalo mwanafunzi wa fasihi hana budi kulifikiri. Je, kazi ya kuchekesha iliyokatwa vipande, vikahifadhiwa vile vizuri na kuachwa vilivyosalia, ni kazi ile ile? Wako wanaosema kuwa hasara ni ndogo, maana kilichotupwa kilikuwa duni. Mimi nasema hasara ni kubwa, na nitajaribu kuionyesha katika mchezo wenyewe.

Kwanza tuujue mchezo ulivyokuwa. Haukufanana na Vitimbi vyetu, ambamo Mzee Ojwang na Mama Kayai walikuwa watu wale wale wiki baada ya wiki. Huu ulikuwa mchezo wa vioja: tukio fupi la dakika chache, lenye watu wake na mahali pake, ambalo likiisha hufuatwa na jingine lisilo na udugu nalo. Waliouandika ndio waliouigiza. Watatu kati yao, John Cleese, Graham Chapman na Tim Brooke-Taylor, walikuwa wamesoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wa nne, Marty Feldman, alikuwa mwandishi aliyezoea kuwatungia wengine maneno ya kuchekesha, wala hakuwa na jina kama mwigizaji. Alikuwa mfupi, mwenye macho makubwa yaliyotokeza nje kwa sababu ya maradhi, na tangu mchezo huu hapakuwa na mtu aliyemwona akamsahau. Aliyewaweka pamoja ni David Frost, mtangazaji mashuhuri, naye ndiye aliyeusimamia mchezo. Yalifanywa mafungu mawili, jumla vipindi 13, na vyote vilionyeshwa katika mwaka huo mmoja wa 1967.

Kisha vikafutwa. Msomaji wa leo, ambaye hubeba picha elfu katika simu yake, huenda akaona jambo hilo kuwa wazimu, lakini siku zile lilikuwa desturi. Tepe za picha zilikuwa ghali, nazo ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Mikataba ya waigizaji nayo iliweka mipaka juu ya kurudia kuonyesha mchezo. Na hakuna aliyedhani kwamba siku moja mtu atataka kununua kipindi cha televisheni akakiweke kabatini kama kitabu. BBC nayo ilifuta sehemu kubwa ya mchezo wa Peter Cook na Dudley Moore ulioitwa Not Only... But Also. Kwa mchezo wetu huu, msiba ulizidi kwa kuwa kampuni ya Rediffusion iliyoutengeneza ilipoteza leseni yake mwaka 1968, na mahali pake pakachukuliwa na kampuni mpya iliyoitwa Thames. Mwenye nyumba akihama, vitu vyake huokotwa na nani?

Kwa miaka mingi ilisemekana kuwa katika vipindi vile 13 vimebaki viwili tu vilivyo kamili. Pamoja na hivyo palikuwa na vipindi vitano vya mkusanyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Uswidi, vilivyounganishwa kwa vioja vilivyochaguliwa huku na huku. Hivyo ndivyo vilivyotolewa katika DVD mwaka 2005, na wapenzi wa mchezo wakavipokea kama mtu mwenye kiu apokeavyo maji ya kikombe kimoja. Waliwashukuru Waswidi, wakacheka, kisha wakaanza tena kungoja.

Frost alifariki mwaka 2013. Mwaka uliofuata vipindi viwili vilivyodhaniwa kuwa vimepotea vilipatikana katika mali aliyoiacha, vikaingia mikononi mwa BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Baadaye vilipatikana vingine, na taasisi hiyo ikafanya kazi ya kuunga na kusafisha hata sahani za mwaka 2019 zikatoka. Feldman alikuwa amekufa tangu 1982 na Chapman tangu 1989. Brooke-Taylor aliwahi kuyaona, akafa mwezi wa Aprili 2020.

Sasa tuingie katika uhakiki. Kioja kilicho mashuhuri kuliko vyote ni kile cha wanaume wanne wa Yorkshire, jimbo la kaskazini mwa Uingereza ambalo watu wake husifiwa kwa ukavu wa maneno na kwa kuijua thamani ya senti. Wanne hawa wametajirika. Wamekaa pamoja wakinywa mvinyo mzuri, na mmoja anakumbuka jinsi walivyokuwa maskini utotoni. Wa pili anakubali, ila anaongeza kidogo: kwao hali ilikuwa mbaya zaidi. Wa tatu anawaona wenzake kuwa walikuwa na bahati. Mmoja akitaja nyumba mbovu, mwenzake hutaja chumba kimoja kilichojaa watu. Huyu akitaja chumba, yule hutaja shimo ardhini. Na hivyo hivyo hushuka, ngazi kwa ngazi, hata umaskini wenyewe unakuwa kitu kisichoweza kuwako duniani.

Sisi tulio na mashairi ya majigambo tuna njia nzuri ya kukielewa kioja hiki. Katika majigambo mtu hujisifu kwa ushujaa wake, kwa ukoo wake, kwa mkuki wake, na kila ubeti hupanda juu ya uliotangulia. Wanaume hawa wanne wanagamba vile vile, ila ngazi imegeuzwa juu chini: mshindi ni yule aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Hapo ndipo penye ukali wa kioja. Tajiri aliyekwisha kuwa na kila kitu anaitaka hata sifa ya maskini. Hawezi kuvumilia kwamba liko jambo moja ambalo mwenziwe amemshinda, hata likiwa ni njaa. Wazee wanaowaambia vijana kwamba wao walikwenda shule kwa miguu maili kumi, bila viatu, hawakosekani katika kijiji chochote, na nina hakika msomaji anaweza kumtaja mmoja bila kufikiri sana.

Kioja hiki hakikupotea. Cleese na Chapman walikwenda nacho katika kundi la Monty Python, ambalo mchezo wake ulianza BBC mwezi wa Oktoba 1969, na kundi hilo likakiigiza jukwaani mara nyingi, hata katika ukumbi wa Hollywood Bowl mwaka 1980, na tena London mwezi wa Julai 2014. Matokeo yake ni kwamba watu wengi huamini kuwa ni mali ya Monty Python, na majina ya Feldman na Brooke-Taylor, walioshiriki kukitunga, hayatajwi kabisa. Haya ni madhara ya kwanza ya kuhifadhi kipande na kuitupa nguo: mshonaji husahauliwa.

Madhara ya pili ni makubwa zaidi, nayo huonekana tu mtu akiitazama ile ya 1967 baada ya kuzizoea za jukwaani. Katika kumbi zile kubwa hadhira imekwisha kujua kila neno. Inashangilia kabla mchezaji hajafungua kinywa; inafurahi kukutana na rafiki wa zamani. Katika ile ya 1967 hadhira haijui inakopelekwa. Mwanzoni inacheka kidogo, kwa adabu, kama watu wanaosikiliza mazungumzo ya kawaida. Kisha inapotambua kuwa kila mmoja wa wanne atalazimika kumshinda aliyetangulia, kicheko kinabadilika, maana sasa watu wanacheka kabla ya wakati, kwa hofu ya kitakachosemwa. Waigizaji nao hawaharakishi. Wanatamka upuuzi ule taratibu, kwa huzuni ya kweli, kama waumini. Toleo la jukwaani ni sherehe ya kioja; toleo hili ndilo kioja.

Kingine ambacho hakina budi kutajwa ni kile cha duka la vitabu, kati ya Cleese aliye mwenye duka na Feldman aliye mnunuzi. Mnunuzi anataka vitabu ambavyo karibu vipo: majina ya waandishi wakubwa, lakini herufi moja imezidi au imebadilika, na ndivyo hivyo anavyovitaka, si vingine. Mwenye duka anaanza kwa upole na kumalizika kama mtu aliyefungwa kamba. Kuna mahali mnunuzi anaomba kitabu cha ndege wa Uingereza, lakini kisiwe na ndege mmoja ambaye yeye hampendi. Mwenye duka, akiwa amekata tamaa, anairarua kurasa ya ndege yule. Anaulizwa tena, anamrarua na mwingine. Halafu mnunuzi anakitazama kitabu na kukikataa, kwa kuwa kimeraruka.

Sina shaka kwamba Cleese na wenziwe hawakufikiria tepe zao walipoyaandika hayo. Lakini mtu akivitazama vile vipindi vitano vya Uswidi baada ya kuvipata vipindi kamili, hawezi kukosa kukumbuka kitabu hicho. Ndege wasiopendwa wametolewa, na kitabu kimeraruka. Vioja vinafuatana, kila kimoja kizuri, na hakuna pumzi katikati. Mtazamaji anacheka mara nane mfululizo, na ya tisa anachoka, wala hajui kwa nini.

Sababu ni kwamba kipindi kamili kina umbo. Chukua kazi ya Aimi MacDonald. Kati ya vioja hutokea yeye, amependeza, akijitangaza kwa sauti nyororo kana kwamba mchezo wote ni wake na wanaume wale ni vikwazo tu njiani. Ukimwona mara moja, hachekeshi sana. Ukimwona mara ya tatu katika kipindi kimoja, na tena wiki inayofuata, akiwa amezidi kuamini ufalme wake mdogo, unaanza kumngoja. Kichekesho chake kimejengwa kwa kurudia, na kurudia hakuwezi kuwekwa katika mkusanyo wa vipande bora. Nitaongeza kwamba waandishi walimpa nafasi finyu. Wanaume wanne wameshika maneno yote mazuri, naye amepewa uzuri wake tu aucheze; kwamba aliufanya uwe na uhai ni sifa yake mwenyewe kuliko yao.

Wala sitaki msomaji adhani kuwa kila kilichookolewa ni lulu. Viko vioja ambavyo mwanzo wake unaahidi mengi na mwisho wake unaanguka, kwa kuwa desturi ya siku zile ilitaka kila kioja kifungwe kwa neno moja kali la kumalizia, na neno hilo halikupatikana kila mara. Unaona wachezaji wakilitafuta. Chapman husimama kimya, kana kwamba anasubiri mtu amwokoe. Viko pia vinavyokaa dakika mbili zaidi ya haki yake. Wapenzi waliongoja miaka mingi huyapita makosa haya kwa mapenzi; wameukuza mchezo katika kumbukumbu hata hakuna mchezo wa kweli uwezao kuufikia ule wa vichwani mwao. Mhakiki hapaswi kuwafuata huko.

Hata hivyo ni vioja hivi dhaifu vinavyotufunza zaidi. Miaka miwili baadaye Monty Python walikuja na uvumbuzi uliowapa sifa: kioja kisichofungwa, kinachokatizwa katikati na kumwagikia kingine. Vitabu hueleza jambo hilo kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni. Anayevitazama vipindi vya 1967 kwa utaratibu huona lilikotoka. Anaona vijana wawili wenye akili, Cleese na Chapman, wakigonga ukuta ule ule wiki baada ya wiki, wakijua kuwa katikati ya kioja chao ni pazuri na mwisho ni pabovu. Kama tungebaki na mikusanyo tu, tungeuona mlango wala tusiuone ukuta uliowafanya wautoboe.

Basi mwanafunzi atakayezipata sahani hizi na azitazame kwa mpangilio wake, kipindi kimoja kwa siku moja, kama zilivyokusudiwa, wala asirukie kwa matajiri wanne. Watamfikia kwa zamu yao, wakiwa na bilauri zao mikononi, na wakati huo atakuwa amekwisha kumwona Feldman akimtesa mwenye duka, na Aimi MacDonald akijitangaza tena na tena.