Daraja la Tazuna

Wazazi wengi huwaona watoto wao wakitazama sinema za michoro za Wajapani, ziitwazo anime, nao hupita zao. Sisi tuliketi. Katika Naruto, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 2002 kutoka katika vitabu vya picha vya Masashi Kishimoto, imo hadithi moja fupi, tangu sehemu ya 6 hata ya 19. Twaipenda kuliko ile ya mitihani inayoifuata, ambayo yachukua sehemu zaidi ya 40.

Mambo yake ni machache. Mzee Tazuna anajenga daraja ili nchi yake maskini ipate njia. Tajiri Gato, aliyezishika safari zote za bahari, hataki. Amwajiri Zabuza amwue mzee. Vijana watatu na mwalimu wao Kakashi wamlinda. Basi. Tangu mwanzo mtazamaji ajua anachokingoja: daraja litakwisha ama halitakwisha?

Lakini daraja peke yake halitoshi. Utamu wote u katika Haku, kijana amtumikiaye Zabuza. Kwanza twamwona amevaa kinyago. Kisha yupo msituni, uso wazi, achuma majani ya dawa na kuongea kwa upole na Naruto, asiyemtambua. Amwambia kwamba mtu hupata nguvu za kweli anapomlinda ampendaye. Sisi twaweza kuyasahau maneno hayo, mtungaji hakuyasahau. Siku ile darajani, Kakashi anapompiga Zabuza pigo la mwisho, Haku ajitia katikati, afa yeye. Hakuna jambo lililoletwa ghafula ili kutushangaza. Na Zabuza, aliyekuwa akimwita chombo tu, alia machozi. Ndipo amwendea Gato, mikono haifai tena, kisu kimeshikwa kwa meno!

Yako makosa. Sasuke twaoneshwa amekufa, Sakura amlilia, halafu aamka mzima. Machozi tuliyokopwa hapo hatukulipwa. Tena vita vyakatizwa mara nyingi mno na kumbukumbu za zamani. Watoto wenyewe huguna.

Mwisho wake hauna maneno mengi. Theluji yaanguka, Zabuza alazwa kando ya Haku kama alivyoomba. Makaburi mawili, upanga umechomekwa penye moja. Daraja limekwisha, na Tazuna alipa jina la Naruto, mtoto ambaye kijijini kwake hakuna aliyetaka kumtazama.