Mwezi wa Kumi na Tatu

Anayefunga Ramadhani anaijua hesabu hii bila kufundishwa: mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11, ndiyo maana mfungo huzunguka misimu yote. Wayahudi nao huufuata mwezi unapoandama, lakini Torati imewafunga kwenye msimu: Pasaka iwe katika Abibu, mwezi wa masuke mabichi ya shayiri, majira ya kuchipua. Basi ikawabidi wawe mafundi wa kalenda.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baraza la wazee, Sanhedrini. Walitazama shayiri mashambani, matunda mitini, na jua limefika wapi. Dalili mbili kati ya hizo tatu zikichelewa, mwezi wa Adari, unaoitangulia Abibu, ulirudiwa, na mwaka ukawa na miezi 13. Nakipenda kikao hicho: wanazuoni wazima wanabishana juu ya suke, na hukumu yao inasogeza sikukuu ya taifa zima! Baadaye hesabu ikashika nafasi ya macho. Mapokeo humtaja Hillel wa Pili, karne ya 4. Katika kila miaka 19, saba hupewa mwezi wa ziada. Ndiyo sababu Pasaka iliyoingia jioni ya Aprili 5 mwaka 2023 iliingia Aprili 22 mwaka 2024. Bila Adari ya pili ingeangukia Machi.

Ushairi nao unafaidi ufundi huu. Siku za Pasaka masinagogi mengi husoma Wimbo Ulio Bora, utenzi wa wapendanao unaoshangilia mvua kukatika na maua kutokeza. Ungesomwa katikati ya baridi ya Desemba, nani angeuamini? Na katika mwezi huohuo wa Abibu, ambao sasa huitwa Nisani, Myahudi akiona miti ya matunda imechanua husema baraka maalumu, mara moja tu kwa mwaka.

Maua ya porini, kwa kweli, hayamngoji mtu. Kalaniti, maua mekundu ya kaskazini mwa jangwa la Negev nchini Israeli, hutandaza ardhi mnamo Februari, na Pasaka ikifika mengi yamekwisha nyauka.

Wala hesabu yenyewe si kamilifu. Mwaka wake wa wastani umeuzidi wa jua kwa dakika sita na nusu hivi, kwa hiyo Pasaka huchelewa siku moja kila baada ya miaka 216 au karibu yake. Kwa kazi iliyofanywa bila darubini, hilo ni kosa dogo mno.