Folda ya Ng'ang'a

Kati ya kazi zote za ofisi za Nairobi zisizosifiwa, naiweka mbele ile ya kumwandalia mfanyakazi mpya folda yake kwenye seva kabla hajafika. Anashuka matatu Kencom au Westlands, anaonyeshwa dawati, anaandika jina na paswadi aliyopewa, na folda iko pale. Ina jina lake, anaweza kuhifadhi kazi zake humo, na wenzake hawawezi kuchungulia. Wala hashangai. Mimi hushangaa kwa niaba yake.

Kuunda folda moja kwa mkono si kazi. Kuunda hamsini mchana mmoja, huku simu inalia na printa ya orofa ya tatu imegoma, ndiko kunakomchosha mtu wa IT hadi akasema: wape wote ruhusa zote, tutarekebisha baadaye. Baadaye hiyo haiji. Ndipo thamani ya skripti, yaani amri zilizoandikwa mapema ili kompyuta izitekeleze yenyewe, inapoonekana, kwa kuwa haichoki wala haina mkubwa wa kumwonea haya.

Zana zenyewe zipo tele. Windows 2000 ilikuja na Active Directory, daftari la watumiaji, ambamo ukijaza anwani ya folda kwenye dirisha la mtumiaji, folda huundwa papo hapo. Lakini ukiamuru kwa skripti, anwani huandikwa tu; folda yenyewe ni juu yako. Linux ina pam_mkhomedir, inayomsubiri mtu aingie mara ya kwanza ndipo imwandalie makazi kwa kunakili yaliyomo katika /etc/skel. Na Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, huwawezesha wenye Windows kufungua folda zilizo kwenye seva ya Linux bila kujua kwamba wamevuka mpaka.

Ustadi uko kwenye majina. Skripti nyingi tunazoziiga ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kumwajiri Ng'ang'a. Nenda kwenye Linux uandike amri ya mkdir, kisha ng'ang'a. Kompyuta inazichukua ritifaa mbili kuwa alama za kufungua na kufunga nukuu, inazitupa, na folda inazaliwa kwa jina la nganga bila onyo lolote. Sasa jaribu ong'ondo, mwenye ritifaa moja. Nukuu imefunguliwa na haijafungwa, kwa hiyo kompyuta inakukodolea alama ya > ikingoja umalize ulichokuwa unasema. Kati ya hao wawili, namwogopa zaidi Ng'ang'a, maana kosa lake linapita kimya: akaunti inasema hivi, folda inasema vile, na mwenyewe anaambiwa folda yake haipo.

Fundi hodari huziondoa ritifaa mwenyewe, kwa kukusudia, katika jina la kuingilia, na kuziacha katika jina linaloonekana kwenye barua pepe, kwa sababu mtu ana haki ya jina lake. Halafu anakumbuka yuko Nairobi. Wakikuyu huwapa watoto majina ya babu na nyanya, na majina yaleyale yanazunguka kizazi hata kizazi. Ofisi yenye Jane Wanjiku mmoja itampata Joyce Wanjiku kabla ya mwaka kwisha, na wote wawili ni jwanjiku. Skripti nzuri hukagua kwanza kama jina limeshachukuliwa. Isipopata njia ya kuwatofautisha, husimama na kuuliza. Skripti inayojua kusimama naiheshimu kuliko yenye mbio.

Kuna mtego mwingine, na huu huwapata hata wakongwe. Ndani kabisa, Linux humjua mtu kwa namba. Amri ya useradd humpa mgeni namba inayofuata ile ya juu kabisa iliyopo. Basi aliyeajiriwa mwisho akiacha kazi, akaunti yake ikafutwa na faili zake zikabaki, anayemfuata anachukua namba ile ile, na pamoja nayo faili zote za mwenzake: barua, bajeti, pengine na malalamiko dhidi ya bosi. Hajadukua chochote. Amerithi. Windows haigawi namba ya mtu mara ya pili, na hapo naipa alama zake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inataka ulinzi uwekwe tangu mfumo unapobuniwa. Kwa ofisi ya kawaida ya Kilimani au Moi Avenue, sehemu ya wajibu huo hutimizwa na mistari michache ya skripti ambayo mkurugenzi hataisoma kamwe.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa kazini kesho, mwulize mtu wa IT ni nani mwingine anayeweza kufungua folda yako. Akikujibu bila kusita, mshukuru. Akisitasita, usiweke humo nakala ya kitambulisho chako.